Chini ya Pete ya Tatu

Reykjavik, 18 Oktoba 1908

Dada Steinvor,

Nimefika salama, ingawa tumbo langu lilifika siku mbili baada yangu. Meli ilitupepeta tangu tulipotoka kwenye ghuba yetu, na mke wa mchungaji alinitapikia viatu kisha akaniomba radhi kwa Kidenmarki. Sasa nina kitanda changu mwenyewe juu ya jiko la daktari na kazi ya kunitosha. Bibi daktari si mtu mbaya. Anaongea taratibu kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa, na anapenda kila kitu kiwe cheupe.

Lakini nikuambie jambo lililonitoa hamu ya kula. Jumatatu nilichuja mtindi. Ukatoka mzito, kijiko kinasimama wima. Maji yake yakajaa ndoo nzima, yana ule ukijani wake mzuri, nikayaweka kando nikamuuliza bibi, "Pipa liko wapi?"

"Pipa la nini?"

Nikamwonyesha ndoo.

"Hayo? Mwaga."

Nilidhani sikusikia vizuri, nikauliza tena. Akaniambia, "Mwaga mtaroni, Gudlaug, kabla hayajaanza kunuka." Dada, hapa mjini watu wanamwaga maji ya mtindi mtaroni, mchana kweupe, na hakuna anayeshika kichwa. Mama angefufuka.

Sikumwaga. Kile kipipa ulichonijazia siku ya kuondoka nimekificha katika chumba cha makaa ya mawe, nyuma ya magunia. Nakilisha maji mapya kidogo kidogo kila nikichuja, kama tunavyolisha pipa la nyumbani. Nikifungua mfuniko, nanusa nyumbani.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumpa Finnbogi wangu. Naipitisha kwako kwa sababu yeye hana makao, leo yuko zizini kwa huyu, kesho kwa yule. Mfuko wa nguo una glavu zake nilizofuma njiani, zile za baharini zenye vidole gumba viwili kila moja, upande mmoja ukilowa ageuze. Mwezi wa pili akienda kambini kuvua, nakuomba umjazie kipipa cha maji machachu kutoka kwenye fungu langu la pipa, umtilie majani ya mlimani anayoyapenda. Na uandike jina langu kwenye mfuniko, hata kwa mkaa. Nataka kila akinywa akiwa baharini ajue ni nani aliyemkumbuka.

Msalimie mzee wetu Oddny. Mwambie asinywe kahawa yangu yote.

Mdogo wako,
Lauga


Kaldbak, 2 Desemba 1908

Mdogo wangu Lauga,

Barua yako ilifika imelowa, mtu wa posta alianguka mtoni na farasi wake. Farasi ndiye aliyeombewa kanisani.

Habari ya mtaro nilimsomea Oddny. Aliweka sindano chini, akasema watu wa mjini watakuja kumwaga na maziwa yenyewe, kisha wamwage watoto. Usimwambie bibi yako.

Hapa tumemaliza kuchinja. Pipa limejaa nyama ya kuchachusha hadi shingoni: soseji za damu, soseji za maini, vichwa sita, na korodani za madume, ambazo Oddny anasema ndiyo sehemu pekee ya dume isiyomsumbua mtu. Nimeweka ubao na jiwe juu yake. Nachota juu tu, kama Mama alivyoagiza. Pete ya kwanza iliyochongwa ndani ya pipa imeshaonekana, ya pili bado. Chini ya pete ya tatu ni maji ya bibi yake bibi, na hayo hayaguswi mpaka binti wa nyumba hii aolewe na wageni wa arusi wapewe kikombe kimoja kimoja. Mimi soko langu limeshafungwa, kwa hiyo ni wewe tu tunayekungoja. Usitucheleweshe sana, nataka kuyaonja kabla meno hayajaisha.

Miezi minane niliyomuuguza Mama, kitu alichouliza kila siku ni kama pipa liko sawa. Mimi kama niko sawa hakuuliza. Sisemi kwa ubaya, nasema tu.

Finnbogi alipita Jumapili. Barua yako nimempa mkononi. Alikwenda kuisoma nyuma ya ghala, akarudi masikio mekundu. Kipipa nitamjazia, wala usiwe na wasiwasi, na jina lako nitaliandika herufi kubwa asije akadhani kimetoka kwa mchungaji.

Dada yako,
Steinvor


Reykjavik, 21 Machi 1909

Dada mpenzi,

Siri yangu imefichuka. Wiki iliyopita daktari mwenyewe aliteremka kwenye chumba cha makaa kutafuta kitu, na mimi niko jikoni nimeshika roho. Akakaa huko muda mrefu. Nilipomfuata nilimkuta ameketi juu ya gunia na suti yake nyeusi, kata mkononi, macho ameyafumba. "Nimelelewa kaskazini," akaniambia. "Sijayaonja tangu mama yangu afariki." Sasa anakunywa kikombe kimoja kila asubuhi na mkewe ameambiwa ni dawa ya ini.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu huru. Nakandia mkate kwa maji ya mtindi, unainuka vizuri kuliko wa jirani. Nasugulia masufuria ya shaba, yanang'aa hadi bibi ameniuliza nimenunua dawa gani. Nalowekea mifupa ya samaki mpaka inalainika tunaila. Nywele zangu pia nazioshea, na mwuza maziwa ameshaanza kuniamkia mara mbili. Usimwambie Finnbogi. Au mwambie, labda atashtuka achukue kalamu.

Maana hajaandika, Dada. Mimi nimemwandikia mara nne, zote nimezitia ndani ya bahasha zako. Kipipa kilimfikia? Glavu zimemtosha? Alisema nini? Nieleze hata neno moja, hata kama ni la kijinga. La kijinga ndilo nitakalojua ni lake.

Lauga


Kaldbak, 14 Juni 1909

Mdogo wangu,

Nina kazi nyingi, nitaandika kwa ufupi. Kondoo wanakamuliwa tangu juzi na mikono yangu imevimba.

Finnbogi amerudi kutoka kambini mzima. Kipipa kilimfikia, alikirudisha kitupu, anashukuru. Glavu zimemtosha. Unamjua, si mtu wa kalamu. Nimemchukua atusaidie kiangazi hiki, ukuta wa zizi ulianguka wakati wa mvua na Oddny na mimi hatuna migongo ya kuinua mawe.

Kuhusu kurudi kwako, fikiri vizuri. Ukikaa mwaka mmoja zaidi utarudi na ujuzi na nguo za maana. Huku hakuna kinachokimbia.

Steinvor


Reykjavik, 9 Januari 1910

Dada Steinvor,

Ninakaa mwaka mmoja zaidi kama ulivyoshauri. Natuma glavu nyingine, safari hii nimezitia mstari wa buluu kwenye kiganja ili zisichanganyike na za wenzake kambini. Tafadhali mjazie kipipa kama mwaka jana, kutoka fungu langu, na majani yale, na jina.

Hii ni barua ya tisa ninayompelekea. Oddny naye haniandikii, lakini yeye najua anaona aibu ya mwandiko wake. Finnbogi anaona aibu ya nini?

Nakuuliza wewe kwa kuwa huko sina mwingine wa kumwuliza. Kama kuna jambo, niambie. Nitalipokea vizuri likitoka kwako.

Lauga


Kaldbak, 11 Juni 1910

Kwa Gudlaug niliyemfunga nepi, kutoka kwa Oddny ambaye bado yuko hai, mwenyewe nashangaa. Hujambo mwanangu. Mimi sijambo isipokuwa goti, na goti nimeliambia lisubiri.

Usicheke mwandiko. Nilijifunza kuandika kwenye barafu kwa kijiti, karatasi inanitisha. Steinvor hajui kama nakuandikia, nimempa mtu wa posta barua hii mwenyewe huko mtoni. Ameniambia nifunge mdomo, ni siri. Nami nimeelewa. Mnataka kunishtukiza mzee mimi, nyie watoto. Lakini moyo wangu hauwezi kushtuka sana siku hizi kwa hiyo nimeamua kujua mapema.

Juzi niliingia ghalani kuchota, nikaona pete ya tatu. Iko nje, mwanangu, nyeusi, inang'aa kwa maji. Steinvor ameshateka vyungu sita, amevifunika vitambaa vitulie viwe safi. Nilikaa juu ya kasha la unga nikalia kama mjinga. Nimekaa nyumba hii miaka hamsini na moja na nimeiona pete ile mara moja tu, mama yako alipoolewa. Alikuwa na msemo wake, unaukumbuka? Pete ya pipa ikionekana, pete ya kidole iko njiani.

Finnbogi naye amenyoa ndevu. Kumbe ana kidevu. Amepaka rangi chumba cha juu, anapiga mluzi, nikimtania anatazama pembeni, wanaume wana haya siku hizo. Steinvor anashona gauni jeusi la sherehe. Nikamwambia kiuno ni kipana kwa Lauga, akasema mjini watu hunenepa.

Nimekufumia soksi. Sasa niambie, unakuja na meli gani? Arusi ni katikati ya Julai na sitaki kuwa jikoni utakapotokea kilimani. Nataka niwe nimekaa mlangoni.

Oddny


Reykjavik, 2 Julai 1910

Steinvor,

Oddny ananiuliza nakuja na meli gani.

Nami nakuuliza wewe. Nakuja na meli gani?

Gudlaug


Kaldbak, 10 Agosti 1910

Gudlaug,

Steinvor amesema hawezi kukujibu, kwa hiyo naandika mimi ambaye nisingepaswa kushika kalamu. Tulifunga ndoa tarehe kumi na sita mwezi uliopita. Labda umeshasikia. Sijui namna nzuri ya kusema jambo hili, nimeharibu karatasi tatu.

Sitaki uniwazie kuwa nilikutupa kama mfupa. Nilikungoja. Barua yako ya kwanza niliipata, nikaisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nilikujibu, nikampa Steinvor aitume. Baada ya hapo kimya. Mwaka mzima, na mwaka wa pili. Watu walisema Lauga ameshakuwa mtu wa mjini. Asiyekuwepo na lake halipo, waliniambia, nami nikawaambia wanyamaze, lakini usiku wa baharini ni mrefu na mtu huanza kuamini.

Dada yako yeye hakusema kitu. Alitenda tu. Mwezi wa pili, nikiwa kambini, kililetwa kipipa cha maji machachu, na majani ya mlimani ndani yake kama ninavyopenda, na glavu. Hakikuwa na jina, lakini aliyekileta alisema kimetoka Kaldbak, na Kaldbak kuna nani? Nilimshukuru niliporudi kiangazi, akainamisha kichwa. Mwaka uliofuata kikaja tena, na glavu nyingine, zina mstari wa buluu. Siku moja mashua yetu ilishindwa kurudi, tulikaa kwenye mawimbi siku mbili bila kitu kingine cha kunywa. Tulikuwa sita tukapokezana kipipa kile. Nilijiambia, mtu anayenikumbuka hivi bila kusema neno ndiye wa kuoa.

Kama nimekukosea nisamehe. Natumaini nawe umempata wako huko.

Finnbogi


Kaldbak, 24 Septemba 1910

Mdogo wangu,

Najua kwamba Finnbogi amekuandikia. Alinisomea kabla ya kuituma, mstari kwa mstari, nami nimesimama nakoroga sufuria. Kwa hiyo najua unajua.

Sina la kujitetea, lakini nitakueleza ilivyokuwa. Mwaka ule wa kwanza nilijaza kipipa kama ulivyoagiza. Nikachukua mkaa, nikaandika G, nikaandika U. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nimekamua, nimechuja, nimelisha pipa lile kila siku tangu Mama aanguke, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipelekea hata kikombe. Nikalifuta kwa kiganja. Sikuandika langu, naapa. Niliacha mfuniko mtupu. Nilijiambia mtupu si uongo. Barua zako nane zimo katika kasha la Mama, pamoja na ile aliyokuandikia Finnbogi. Sikufungua hata moja. Sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Lakini siandiki kwa sababu hiyo. Pipa limekufa.

Niliteka chini ya pete ya tatu kwa ajili ya arusi, na wageni walikunywa kuliko nilivyokisia. Kilichobaki hakikufika hata shubiri. Nikajazia maji mapya ya kiangazi, nikidhani yatashika. Hayakushika. Mwezi wa nane yalifanya utando, sasa yamekuwa na kamasi na harufu ambayo Oddny anaifungulia milango. Tunachinja baada ya wiki tatu. Chumvi tuliyo nayo haitoshi hata robo ya nyama. Bila uchachu kila kitu kitaoza kabla ya Krismasi, na sisi ni vinywa vitatu hapa.

Nimekwenda kwa majirani wawili. Mmoja alisema lake ni changa, halina nguvu ya kugawa. Mwingine alinitazama akaniuliza, "Lauga hajambo?" Nikageuza farasi nikarudi bila kuomba.

Wewe una kipipa. Yale ni maji yale yale, ya Mama na ya bibi. Hayapo pengine popote duniani. Meli ya mwisho inapita katikati ya Oktoba. Nakuomba.

Steinvor


Reykjavik, 12 Oktoba 1910

Steinvor,

Nilipomaliza kusoma barua yako nilishuka kwenye chumba cha makaa, nikachukua kipipa, nikakibeba hadi mtaroni. Nikang'oa kizibo. Bibi daktari alikuwa dirishani, amefurahi. Kisha nikakirudisha kizibo. Usidhani ni kwa ajili yako. Oddny alikuwa mmoja wa vile vinywa vitatu.

Watu walimwambia Finnbogi kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, lakini langu lilikuwepo. Mlikuwa mkilinywa. Yeye na wenzake watano walipokezana kunywa langu siku mbili baharini wakaokoka, na shukrani ukazipokea wewe na kichwa umekiinamisha. Ungenichukulia yeye tu, ningesema mapenzi hayana macho, ningelia, yangekwisha. Lakini ulimnasa kwa mikono yangu. Vidole vyangu ndivyo vilivyofuma, na fungu lililomwagwa kwenye kipipa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemtongozea mume dada yangu, mwaka baada ya mwaka, na sikujua.

Na ulikuwa na barua yake kwenye kasha. Ulikuwa unanisoma nikiuliza alisema nini, hata neno la kijinga, nalo neno liko chini ya kitanda chako.

Unasema mtupu si uongo. Sawa. Kwa hiyo safari hii hautakuwa mtupu. Nimetia chuma motoni nikachoma maandishi kwenye mfuniko, yameingia ndani, hayafutiki kwa kiganja. Kipipa kinakuja kwa jina la Oddny, na yeye ndiye atakayemimina. Upana wa pipa lile naukumbuka, na mfuniko huu unaingia ndani yake. Utakuwa ubao wenu wa kukandamizia nyama, na jiwe juu yake. Kila mtu atakayetaka kula atauinua kwanza. Ukiutoa au ukiuchoma, Oddny ataniambia, na mwaka pipa litakapokufa tena mtajua wenyewe.

Finnbogi simwandikii. Nilimwandikia mara tisa.

Hizo barua kaa nazo.

Gudlaug binti Eirik


Kaldbak, 29 Januari 1911

Gudlaug mwanangu,

Ni mimi Oddny. Goti bado linasubiri.

Kwanza nikuombe radhi. Mwezi wa saba nilikaa mlangoni na soksi zako mapajani siku mbili. Nilidhani meli imechelewa. Siku ya tatu niliona bibi arusi anateremka ngazi na nikaona ni nani, nikaenda jikoni. Kikombe changu cha chini ya pete ya tatu sikukinywa. Nilikimwagia paka, naye hakukitaka.

Kipipa kilifika siku moja kabla hatujachinja. Nilimimina kama ulivyoniagiza, nikapasha maji mapya yakawa vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, nikaongeza kidogo kidogo siku tisa. Pipa liko hai. Linauma ulimi vizuri. Tumekula tangu Krismasi, hakuna kilichoharibika.

Steinvor aliusoma mfuniko siku ile ile. Hakuugusa. Tangu hapo ndiye anayechota, asubuhi na jioni, hataki Finnbogi aingie ghalani, anasema wanaume wanaacha mlango wazi. Nami nilingoja. Nilijua mwezi wa pili unakuja.

Juzi Finnbogi alitaka kujaza kipipa cha kambini. Steinvor alikuwa amelala, siku hizi hulala mchana, nitakueleza. Akaingia mwenyewe na taa. Mimi nilikuwa kwenye kasha la unga nasafisha soseji. Akatoa jiwe, akainua ubao, akaugeuza juu kuukung'uta, akasoma. Unajua ulichoandika lakini naandika jinsi alivyosoma, kwa sauti, kama mtoto wa shule: "Kipipa cha Gudlaug. Kama kile cha 1909. Kama kile cha 1910. Na glavu."

Akasoma tena. Akachota kidogo kwa kiganja, akanywa. Kisha akaniuliza, "Oddny, yale majani nani aliyemwambia Steinvor aweke?"

Nikamwambia, "Ulimwambia nani kwamba unayapenda?"

Steinvor alikuwa ameshasimama mlangoni na shuka mabegani. Finnbogi akamtazama, akasema, "Na glavu?"

"Na glavu," Steinvor akasema.

Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilitamani wapige. Finnbogi alirudisha ubao, akaweka jiwe juu taratibu, akajaza kipipa chake, maana mtu hawezi kwenda baharini bila kitu cha kunywa. Asubuhi alipoondoka kulikuwa na baridi ya kupasua mawe. Glavu alikuwa amezivua akaziacha juu ya jiwe la pipa. Alishika hatamu kwa mikono mitupu mpaka alipopotea kilimani, na Steinvor yuko dirishani anamtazama. Hakuaga. Sijui kama atarudi kiangazi au ataajiriwa kwingine. Sijui.

Glavu nimezifunga pamoja na barua hii, ni zako. Zimechakaa kiganjani lakini vidole gumba vyote vinne ni vizima. Soksi pia nimezitia.

Sasa jambo ambalo yeye hatakuandikia. Steinvor ana mimba ya miezi sita. Alikuwa nayo alipokuomba kipipa na hakuitaja, hilo nimpe haki yake. Hashiki chakula tumboni isipokuwa maji machachu. Anakunywa vikombe viwili kwa siku, amesimama pale pale penye pipa, ubao wako mkononi kwa sababu hana pa kuuweka. Nimeshamwambia auegemeze ukutani anywe kwa raha. Anaendelea kuushika.

Mimi naona ni msichana, tumbo limekaa kisichana. Kama ni hivyo, ipo siku watashuka chini ya pete ya tatu kwa ajili yake, na ubao utashuka nao, naye atauinua aulize Gudlaug ni nani. Mimi nitakuwa nimeshazikwa. Mama yake atamjibu nini, sijui.

Pipa liko sawa. Wewe je, uko sawa?

Oddny